Penseli Iliyofungwa Kamba

Alhamisi, Peterborough, manyunyu
yale yasiyolowesha wala yasiyokatika.
Nimetoka zamu ya usiku, mikono inanuka karoti,
kitambulisho cha kiwanda bado kinaning'inia shingoni.
Sikwenda kulala. Nilipanda ngazi, nikagonga milango.

Namba tisa, Mzee Clifford, soksi za namna mbili:
"Ulaya? Mimi na Ulaya tumeshatalikiana, binti.
Tumebaki kugombania vyombo."
Basi njoo ukaseme hivyo hivyo, nikamwambia.
Talaka isiyo na shahidi ni ugomvi tu wa jikoni.
Akacheka, akafunga mlango.

Namba kumi na mbili hakufungua mtu.
Redio ilizimwa ghafla nilipobisha.

Namba kumi na nne, kijana Tyrell, macho kwenye simu:
"Nimchague nani? Wote si walewale?"
Sikuwa na jibu la kupamba.
Nikamwonyesha lifti, tangu Januari imekufa,
na Bi Aldona wa ghorofa ya tano hushuka kwa makalio,
ngazi moja, ngazi moja, mkoba wa sokoni pajani.
Najua, lifti si kazi ya Bunge la Ulaya.
Ila mdomo uliozoea kufungwa kwa dogo
kwa kubwa hautafunguka.

Nami nilinyamaza miaka sita.
Mgeni hasemi mezani, nilijiambia;
nilikula, nikafuta meza, nikaenda zangu.
Mpaka Bogumila, mwenzangu wa mstari wa tatu,
aliponiuliza, kisu mkononi:
Unalipa kodi? Nalipa.
Mtoto anasoma hapa? Anasoma.
Sasa ugeni wako unaisha lini?
Kwetu Tanga, siku ya tatu, nikajibu, na jembe juu.
Sikujua huku jembe ni dogo hivi:
penseli, urefu wa kidole,
imefungwa kamba isiibiwe.

Tulikwenda naye, ukumbi wa nyuma ya kanisa,
viti vya plastiki, harufu ya sakafu iliyopigwa deki.
Mimi wa Tanga, mtoto wa kambo wa Madola,
jina langu lilikuwemo, likapigwa mstari kwa rula.
Yeye wa Lublin, aliyezikiwa kitovu Ulaya,
msimamizi alishusha kidole, akakipandisha, akakishusha tena.
"Kulikuwa na fomu ya pili, mama. Hukuirudisha."
Labda ilikuja na matangazo ya piza.
Mtu wa nyuma alikohoa.

Nilitaka kumpa karatasi yangu,
kama unavyomegea mwenzio mkate.
Haimegeki.
"Ingia," akasema, "usinililie hapa."
Akatoka, akasimama langoni,
wavu wa nywele wa kiwandani ungali kichwani,
akimwuliza kila apitaye: Jina lako limo?
Litumie, bwana. Litumie, dada. Langu limekwama.

Ndani ya kibanda, karatasi ndefu kama orodha ya mahari.
Alama yenyewe msalaba. Mimi, binti wa madrasa ya Ngamiani!
Mungu anajua ni mistari miwili tu iliyokutana.
Penseli butu, na kamba fupi kwa mtu wa mkono wa kushoto.
Nikainama, nikaifuata.

Sisemi kura ile iligeuza kitu.
Lifti bado imekufa.
Lakini saa mbili usiku, mwanga wa Mei ungali dirishani,
nilimwona Mzee Clifford akishuka,
kichwani kofia yake ya msibani,
na Tyrell mbele yake, simu mfukoni, kamshika mkono.
"Tunakwenda kutafuta mashahidi," mzee akasema.
Atamkata nani, atamchagua nani, sikumwuliza.

Wanafunga saa nne.
Nikapanda tena mpaka namba kumi na mbili.
Redio ilikuwa inaimba.
Nikabisha.